Intaneti ya Mapaa: Nani Atashika Ufunguo?

Maneno yaliyosemwa mbele ya familia zilizohamishwa na wakubwa wa mitaa, Kolwezi



Mmeniomba nieleze ile intaneti inayopita juu ya mapaa. Ni hivi: mtaa unalipia muunganisho mmoja. Kisanduku kilicho juu ya paa kinaurusha kwa jirani, cha jirani kinaupokea na kuusukuma mbele. Kimoja kikizimika, ujumbe unatafuta njia nyingine. Kisanduku kinatumia umeme kidogo kama taa, basi paneli ya jua na betri vinatosha hata SNEL wakikata. Lakini lazima visanduku vionane, na hapa kwetu vilima vya udongo wa migodi vitazuia.

Je, watu kama sisi wamewahi kufanya hivi? Huko Uganda ya kaskazini, vita vya LRA viliwatupa kambini watu zaidi ya milioni moja. Mwaka 2007 shirika la BOSCO, chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Gulu, lilianza kuunganisha kambi kwa antena na nguvu ya jua. Zile zilikuwa antena za mbali, si paa kwa paa. Paa kwa paa wamefanya wanakijiji wa Mankosi, Afrika Kusini, kwa ushirika wao Zenzeleni. Wenye nyumba walipokea visanduku, na watu walichaji simu zao hapo kwa bei ndogo.

Sasa nifike penye maumivu. Mji huu unakumbuka 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa na kulala karibu na stesheni wakingoja treni. Unakumbuka pia Kasulo mwaka 2017, familia zilipoondolewa kwa sababu ya kobalti. Mwenye paa akisema, "kwa hawa wageni sipitishi", mnyororo umekatika pale. Kwa hiyo ufunguo wa kisanduku cha kwanza usikae kwa kabila moja, wala kwa shefu peke yake (shefu atanisamehe, ninamwona anacheka). Wawe watu watatu: mwenyeji, aliyehamishwa, na mama mmoja wa soko, maana akina mama wanajua kuhesabu makuta.

Msianze kwa kujificha. Sheria ya mawasiliano ya Novemba 2020 ipo. Ulizeni ARPTC, na ombeni kampuni iwaandikie kwamba mnaruhusiwa kugawana. Na mjue kwamba serikali ikikata intaneti, kama Desemba 2018 hadi Januari 2019, nanyi mtakatika na nje. Kati ya mapaa ujumbe unaweza kupita bado, kama mmeweka kompyuta yenu ya kuhifadhi. Uvumi nao utapita humo humo.

Tena tunaweza kuhamishwa mara nyingine. Andikeni kila kisanduku ni cha nani, kifungwe kwa skrubu, kisijengewe ukutani. Wiki hii msinunue kitu. Vijana wapande juu, waandike paa gani linaona paa gani, kisha mniletee karatasi hiyo.