"Look into" na barua zetu za Kiswahili
(Hotuba iliyotolewa Ziba, siku ya wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya Kiingereza cha ofisini. Nimechagua kitenzi kimoja tu: "look into".

Peke yake, "look" ni kutazama. Kikifuatwa na kijineno, maana huhama: "look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza, "look down on" ni kudharau. Sisi mara nyingi kazi hiyo twaifanya mwishoni mwa kitenzi: piga, pigia, pigana. Basi "look into" ya ofisini si kuchungulia ndani ya kitu. Ni kuchunguza jambo ili kujua ukweli wake, na ahadi yake inaishia hapo. Mwingereza aweza kulichunguza lalamiko lako kisha akalikataa, na neno lake likabaki kweli.

Mwaka 1967 Serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake, na tangu hapo watumishi wa umma wametafsiri barua nyingi. "We are looking into the matter" mara nyingi hugeuzwa "suala lako linashughulikiwa". Hapo ndipo penye hatari. Mzee wa hapa Ziba aliyelalamikia mpaka wa shamba lake, akisomewa barua hiyo, huelewa kwamba kazi imeanza na bwana ardhi yu njiani. Haendi baraza la ardhi, anangoja. Kumbe jalada limelala masijala, wala hakuna aliyeahidi lolote ila kulisoma. Mvua zinakuja, jirani analima. Barua ya Kiingereza haikusema uongo. Ya Kiswahili imesema.

Mezani kwangu huandika "linachunguzwa", nikataja nani anachunguza na lini jibu litatoka. Wenzangu wengine huniona msumbufu. Na waone hivyo.

Ninyi wa Kidato cha Nne, shikeni na hili: husemwa "look into it", kamwe si "look it into". Lakini ukitafuta neno katika kamusi ni "look it up", kijineno kikae nyuma. Anayebisha tukutane baada ya chai, aje na kamusi yake.