Mwenye Duka na Mtumishi Wake: Mambo ya Sheria Yampasayo Kuyajua
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Wengi wetu tulio makarani tuna nia ya kufungua duka siku tutakapostaafu, na wengine wake zetu wamekwisha kuyafungua. Tena si wachache miongoni mwetu waombwao na jirani kuwaandikia barua na kuwasomea karatasi za Serikali. Kwa hiyo nimeona inafaa kuzungumza habari za sheria za biashara na za ajira, kama zilivyo Tanzania Bara. Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria yao ya ajira, nayo ni ya mwaka 2005.

Kwanza, jina. Mtu afanyaye biashara kwa jina lisilo lake mwenyewe hana budi kuliandikisha kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Walakini msidanganyike: kuandikisha jina hakutengi mali ya duka na mali ya mwenyewe. Duka likidaiwa, ni wewe unayedaiwa, hata nyumba yako. Atakaye kutenga hayo mawili aunde kampuni chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, kwa kuwa kampuni huhesabiwa kuwa mtu mbali mbele ya sheria. Baada ya jina hufuata namba ya mlipa kodi kutoka Mamlaka ya Mapato, kisha leseni ya biashara. Na leseni za biashara nyingi ndogo hutolewa na halmashauri.

Pili, mtumishi. Hapa nitasema kosa langu mwenyewe, maana mtu hujifunza upesi kwa aibu ya mwenziwe.

Nilipofungua duka langu nilimwajiri kijana mmoja. Tulipatana kwa maneno tu, kibarazani. Mimi niliyetunza majalada ya watu miaka mingi sikumwandikia yule kijana hata nusu karatasi. Alikaa nami miaka minne. Jumamosi moja jioni nilihesabu mali, nikaona sukari na mafuta vimepungua. Nikamwambia, "Kesho usije tena." Akajibu, "Haya, Mzee, lakini mimi sikuiba," akaenda zake.

Haikupita wiki tatu nikaletewa wito wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Sheria humpa aliyeachishwa kazi siku 30 za kupeleka shauri lake huko, na kijana alikuwa amekwisha kulipeleka.

Msuluhishi aliniuliza mambo matatu. Je, ulikuwa na sababu ya haki? Nikasema wizi, akaniuliza ushahidi, sikuwa nao. Je, ulimwita ukamsikiliza kabla ya kumwachisha? Sikumwita. Je, mlipatana mshahara gani? Hapo tulibishana. Mimi nilisema chakula nilichompa kilikuwa sehemu ya mshahara; yeye akasema kilikuwa ihsani yangu tu, juu ya mshahara. Basi nikaambiwa ya kwamba sheria humtaka mwajiri ampe mtumishi maelezo ya kazi kwa maandishi, na asipoweza kuyaonyesha shaurini, mzigo wa kuthibitisha humwangukia yeye. Sikuwa na la kusema.

Tulipatana palepale, shauri lisifike mbele. Nililipa ujira wa siku 28 badala ya notisi, maana hiyo ndiyo notisi ya mtumishi wa mshahara wa mwezi. Na siku 28 za likizo ya mwaka ambayo sikumpa. Na kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, yaani siku 28 nyingine. Jumla siku 84, kwa mkupuo mmoja. Na nilipokagua vitabu vyangu baadaye niliona kuwa sukari ile na mafuta yale vilichukuliwa kwa mkopo na watu wa nyumbani mwangu mwenyewe, wala havikuandikwa. Fedha ile hainiumi leo. Kinachoniuma ni lile neno la kijana, kwamba hakuiba, nami sikungoja kulisikia.

Basi, Mabwana na Mabibi, nawaomba mshike haya machache.

Siku ya kuajiri andika karatasi mbili, moja yake na moja yako: jina lake, umri na anwani, kazi yake, mahali pa kazi, siku ya kuanza, saa za kazi, na mshahara pamoja na kila kitu utakachompa. Nyote mtie sahihi. Yako uitunze hata miaka 5 baada ya kuachana.

Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi kabisa.

Kazi ya kawaida isizidi saa 9 kwa siku, wala saa 45 kwa wiki, wala siku 6. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Mtu akifanya kazi saa 5 mfululizo apate mapumziko ya saa moja.

Mshahara usiwe chini ya kima kilichotangazwa katika Amri ya Mshahara kwa kazi ya namna ile. Na kwa kuwa amri hiyo hubadilishwa mara kwa mara, uliza iliyopo sasa.

Mwanamke ajifunguaye ana likizo ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akizaa watoto zaidi ya mmoja kwa uzazi mmoja.

Mwandikishe mtumishi katika NSSF, ambako mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu ya mtumishi haipiti asilimia 10. Uchangie pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ili akiumia kazini asiachwe bila msaada.

Na ukitaka kumwachisha mtu, mwite kwanza, mweleze kosa, umsikilize. Kisha andika.

Mabwana na Mabibi, sisi ofisini hatukubali kuachishwa kazi kwa neno la kibarazani. Twataka barua, twataka sababu, twataka kusikilizwa. Tulitakalo kwa Serikali, tusiwanyime watumishi wa maduka yetu, ijapokuwa duka lina rafu mbili tu.

Nimekoma hapo.