Amana ya Mwalimu Mtoto Anapobeba Silaha

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na walimu, Buyenzi, Bujumbura)

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.



Wakubwa wa chama wamenitaka niseme machache juu ya malezi. Malezi ni bahari, nami sitathubutu kuiogelea yote. Nimechagua jambo moja tu: yampasa nini mwalimu inapomfikia habari kwamba mwanafunzi wake, naye ni mtoto mdogo, amekuja darasani na silaha?

Huenda akatokea mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya nchi za mbali. Kweli, kisa nitakachokitaja kimetokea mbali. Lakini sisi wa nchi hii tunajua ya kwamba tangu vita vilivyoanza mwaka 1993, silaha ziliingia majumbani mwa watu, na mabomu ya mkono yalifichwa mahali ambapo zamani palifichwa akiba ya mahari. Na hata nyumba isiyo na bunduki haikosi kisu wala panga. Kwa hiyo tusikilize kwa masikio ya watu wanaohusika.

Tarehe 6 Januari, 2023, katika mji wa Newport News, jimbo la Virginia, Marekani, mtoto wa miaka 6 alikwenda shule ya msingi iitwayo Richneck akiwa na bastola ya mama yake. Mama aliinunua kwa njia halali. Mtoto alipanda juu ya droo za kabati akaifikia katika mkoba wa mama. Mchana, kabla ya saa nane kutimia, mwalimu wake wa kike akiwa ameketi mezani anasomesha, mtoto aliitoa mfukoni akampiga risasi moja. Risasi ilipenya mkono ikaingia kifuani. Mwalimu yule, pamoja na jeraha lake, aliwatoa watoto wengine darasani. Mwenyezi Mungu akamnusuru, hakufa.

Jambo hilo, wazee wangu, halikushuka ghafula kama radi. Mahakamani ilielezwa kwamba onyo lilikwisha kutolewa siku ile ile, tena si mara moja. Asubuhi mwalimu alipeleka habari kwamba mtoto amekuja na hasira. Baadaye ikasemwa ya kuwa ana bastola katika mfuko wake wa vitabu. Mwalimu mwingine akaupekua mfuko ule, asikute kitu. Kisha mtoto mwenziwe akasema kwamba ameonyeshwa silaha. Mtu mmoja wa shule akaomba ruhusa ampekue mtoto mwenyewe mwilini. Akaambiwa angoje, mama mtu atafika, na siku ya masomo iko karibu kwisha. Siku haikwisha kabla ya risasi kulia.

Mtoto hakushitakiwa, kwa udogo wake. Mama alifungwa kwa hukumu mbili: miezi 21 kwa makosa ya kumiliki bastola huku akitumia bangi, na miaka 2 kwa kumtelekeza mtoto katika hatari. Na mwezi wa Novemba, 2025, baraza la raia walioketi kusikiliza kesi lilimhukumu aliyekuwa mwalimu mkuu msaidizi amlipe mwalimu aliyejeruhiwa dola milioni 10. Wala kisa hiki si cha kwanza. Tarehe 29 Februari, 2000, katika jimbo la Michigan, mtoto mwingine wa miaka 6 alimpiga risasi msichana wa darasa lake, wa umri wake, na msichana yule akafa. Bastola ile nayo aliichukua katika nyumba aliyokuwa akikaa.

Basi tutazame mafunzo yaliyomo.

Funzo la kwanza ni la nyumbani, kwa kuwa silaha haimfikii mtoto ila imepita mkononi mwa mtu mzima. Qurani katika Sura ya Nisaa yatukataza kuwakabidhi mali watu ambao akili zao hazijakomaa, na yatuamrisha kuwajaribu mayatima mpaka tuone uongofu kwao, ndipo tuwape mali yao. Ikiwa mali, ambayo hasara yake hulipika, haiachwi mkononi mwa mtoto, itakuwaje silaha? Na Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha tuzime taa tunapolala, isije panya akauburuta utambi akawaunguza watu wa nyumba. Panya hana nia mbaya wala hana akili. Mwenye kuulizwa ni yule aliyelala akaiacha taa ikiwaka. Mtoto naye kalamu imeinuliwa juu yake hata abaleghe. Asipoandikiwa yeye, je, hakuna atakayeandikiwa? Yuko: ni yule aliyeacha.

Funzo la pili ni la dhana njema. Walimu wengi wakiambiwa kwamba mtoto wa fulani ana kisu, hujibu, “Aa, baba yake ni mtu wa msikitini, hayawezi kuwa hayo.” Dhana njema ni katika tabia za Muislamu, wala siipingi. Lakini kumpekua mtoto si kumtukana baba yake. Tulipoamrishwa kuzihakikisha habari zinapotufikia, hatukuamrishwa kuzilalia. Kuhakikisha ni kusimama, kwenda, na kutazama. Aliyesema “haiwezekani” akabaki kitini hakuhakikisha kitu; amechagua tu jawabu lisilomtaabisha. Na mtoto aliyekuja kumnong'oneza mwalimu asifukuzwe kwa kuitwa msengenyaji. Yeye ameleta amana, nasi tukimwaibisha leo, kesho atanyamaza.

Funzo la tatu ni la mwenye mamlaka. Mtume (s.a.w.) ametueleza kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Mwalimu wa darasa ataulizwa juu ya darasa lake, lakini mkubwa wa shule ataulizwa zaidi, maana yeye ndiye mwenye neno la “ndiyo” na la “hapana.” Katika kisa kile wadogo waliona, wakasema, wakaomba. Aliyekuwa na ruhusa ndiye aliyengoja. Ndugu zangu, cheo si kiti cha kupumzikia. Na wanavyuoni wa fiqhi wametufundisha kwamba kuondoa madhara hutangulizwa mbele ya kutafuta manufaa. Kuchelea maneno ya mzazi, au kuchelea kwamba mfadhili wa madrasa ataudhika, hayo yote ni manufaa madogo mbele ya roho ya mtoto mmoja.

Funzo la nne ni la namna ya kutenda, kwani haraka bila ya adabu nayo huua. Ninapendekeza mbele yenu kanuni hizi zifuatwe katika madrasa na shule zetu.

Kwanza, mwalimu yeyote apatapo habari ya silaha asihitaji ruhusa ya mtu kuwatenga watoto wengine na hatari. Awatoe kwa upole, kana kwamba anawapeleka uani, wala asitangaze.

Pili, apelekewe habari mkubwa wa shule saa ile ile, na mkubwa asiseme “baadaye.” Mzazi aitwe, lakini asingojewe.

Tatu, upekuzi ufanywe na watu wazima wawili, mbali na macho ya wenzake. Msichana apekuliwe na wanawake. Na upekuliwe mfuko wa vitabu, na mifuko ya nguo, na mwili. Tumeona ya kuwa mfuko wa vitabu peke yake haukutosha.

Nne, ikiwa mtoto ameishika silaha mkononi, mwalimu asimrukie wala asimkaripie. Aseme naye kwa sauti ya chini, amwombe aiweke chini, na wenzake wawe wamekwisha kuondoka. Ikiwa ni bomu la mkono, mtu asiliguse kabisa. Waitwe askari wanaojua kazi hiyo.

Tano, baada ya salama, mtoto asipigwe wala asitupwe njiani. Mtoto wa Newport News alikuwa amesimamishwa shule siku moja kabla ya tukio, kwa kuivunja simu ya mwalimu. Na jamaa zake walisema kwamba mzazi alikuwa akikaa naye darasani kila siku, na juma lile ndilo la kwanza alilokosa mlinzi huyo. Adhabu ilikuwapo, bali uangalizi uliondoka. Aulizwe mtoto: silaha umeitoa wapi, na unamwogopa nani? Mara nyingi mtoto hubeba kisu kwa kuwa kuna mkubwa anayempiga njiani, na hakuna aliyemsikiliza.

Nasi walimu tusifanywe kuwa askari. Kazi yetu ni kufundisha, na mzazi asitutwike mzigo aliouacha wazi juu ya kabati lake. Usiku wa leo kila mwenye nyumba atazame kilichomo nyumbani mwake, na asichoweza kukihifadhi akikabidhi kwa serikali. Na mkutano huu usitawanyike kabla ya wakubwa wa madrasa kukubali kanuni hizi au kuzirekebisha, ziandikwe, na kila mwalimu azisome. Kumtegemea Mwenyezi Mungu ni wajibu, lakini ngamia hufungwa kwanza.

Ewe Mola wetu, tuhifadhie watoto wetu majumbani na madarasani, wape walimu wetu ujasiri wa kusema na wakubwa wetu wepesi wa kusikia, na uijaalie nchi yetu amani. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.