Mlango Uliodhaniwa Kung'uto

Kwa miaka mingi utando wa nje wa mitokondria, vinu vya nishati vya seli, haukuwa na heshima maabarani. ATP, molekuli inayobeba nishati ya kuendesha seli, hutengenezwa kwenye utando wa ndani, na huko ndiko macho yote yalikoelekea. Wa nje ulionekana kung'uto tu: molekuli ndogo zipite zitakavyo, kubwa zibaki.

Mwaka 1976 Stanley Schein, Marco Colombini na Alan Finkelstein walileta habari nyingine, nayo ilitoka kwa paramesiamu, kiumbe cha seli moja kinachoogelea madimbwini. Jaribio lenyewe lilihitaji subira. Vyumba viwili vya maji ya chumvi hutenganishwa kwa plastiki yenye kitundu, na kitundu huzibwa kwa utando mwembamba wa mafuta. Umeme haupiti. Kisha hutiwa protini kidogo ya mitokondria, na mkondo wa umeme huanza kupanda kwa ngazi: ngazi moja, kimya, ngazi nyingine. Kila ngazi ni mfereji mmoja uliojipenyeza.

Ukiongeza volti hadi milivolti 40 hivi, ngazi hizo huanza kushuka. Betri ndogo ya rimoti ina milivolti 1,500, kwa hiyo nguvu inayoufunga mfereji huu ni ndogo mno. Kung'uto halijifungi. Hapa palikuwa na mlango, na mlango huo ukaitwa VDAC, yaani mfereji wa anioni (ioni zenye chaji hasi) unaotegemea volti.

Neno "kufunga", hata hivyo, linapotosha kidogo. Mfereji uliofungwa bado hupitisha ioni ndogo, tena kalsiamu hupita kwa urahisi zaidi kuliko awali. Anayezuiwa ni ATP, mgeni mkubwa mwenye chaji hasi.

Umbo lake lilisubiri hadi 2008, na vikundi vitatu vya watafiti vikalichapisha mwaka huohuo. Anayejua kushona ukili atalielewa upesi: vipande vyembamba vya protini vimelazwa ubavu kwa ubavu, vikazungushwa, cha mwisho kikaungwa na cha kwanza, likapatikana pipa lisilo na kitako. Ajabu ni hesabu. Bakteria, ambao ndio ukoo wa mitokondria, hutengeneza mapipa ya vipande vya idadi shufwa, kama 16 au 18, kila kipande kikielekea kinyume na jirani yake. VDAC ina 19. Kwa kuwa idadi ni witiri, cha kwanza na cha 19 hukutana vikielekea upande mmoja. Ndani ya pipa kuna kipande kilichojipinda kama springi, na ubishi kuhusu kazi yake katika kufunga mlango haujaisha.

Mlango wenye wateja haukosi wachuuzi. Heksokinasi, kimeng'enya kinachoanza kuchakata glukosi, hujishikiza palepale kwenye VDAC na kupokea ATP ikiwa inatoka. Seli nyingi za saratani zina heksokinasi tele mahali hapo, ndiyo maana watafiti wa dawa wanapachungulia.

Lilibaki swali gumu: je, ndani ya seli hai volti ya kuufunga mlango inatoka wapi? Mwaka huohuo wa 2008 Tatiana Rostovtseva na wenzake walionyesha kwamba tubulini, protini inayojenga kiunzi cha seli, huziba VDAC hata volti ikiwa ndogo sana. Inaelekea mkia wake wenye chaji hasi ndio unaoingia kinywani mwa mfereji na kukaa humo, na ATP ikakosa njia.