Minong'ono na Wale Wanaoachwa Nje

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakaaji wa Base Camp, Nakivale)



Leo tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo. Watu wawili wamesimama bombani. Wa tatu anafika na jerikeni yake, wale wawili wanashusha sauti, au wanabadili lugha. Labda walikuwa wakisema bei ya maharagwe tu. Lakini yule wa tatu anarudi nyumbani akijiuliza: wananisema mimi? Kuna orodha imetoka? Usiku halali. Mtu aliyekimbia mahali ambapo majirani walikutana kwa siri kabla ya kumchomea nyumba hawezi kuuchukua mnong'ono kama mchezo.

Na hapa kwetu hofu hiyo ina historia. Tarehe 14 Julai 2010 Wanyarwanda wa Nakivale na Kyaka II waliitwa wakusanyike. Wengi walidhani wanakwenda kupata chakula au kusikia majibu ya maombi yao ya hifadhi. Kumbe malori yalikuwa tayari. Watu wapatao 1,700 walirudishwa Rwanda kwa nguvu, na baadhi yao walikuwa wakimbizi waliokwisha kutambuliwa. UNHCR ilisema watu 2 walifariki baada ya kuruka kutoka kwenye malori, na watoto walitenganishwa na wazazi wao. Basi msishangae mkimwona mtu anaogopa kwenda mkutanoni. Si ukaidi.

Tusichanganye mambo, lakini. Kuna siri ambazo lazima zitunzwe. Mgonjwa aliyepelekwa hospitali ya Mbarara, ugonjwa wake ni wake. Mama aliyetendewa ubaya njiani hana deni la kumweleza mtu yeyote. Jirani aliyeitwa kwa mahojiano ya kwenda nchi ya tatu ana haki ya kunyamaza, tena pengine kunyamaza ndiko kunakomlinda. Msimsumbue.

Habari ya wote ni kitu kingine. Mwezi wa Aprili 2020 posho ilipunguzwa kwa asilimia 30, na Februari 2021 upungufu ukafika asilimia 40. Habari ya namna hiyo ikipita kwa wachache tu, mjane mwenye watoto watano anaijua siku anapopokea, wakati amekwisha kukopa dukani. Na penye siri ndipo dalali anapopata soko. Anakuita pembeni, anasema ana mtu ofisini, lete pesa jina lako liingizwe. Kupelekwa nchi ya tatu hakuuzwi. Angeyasema hayo mbele ya watu kumi, mmoja angemkamata uongo. Ndiyo maana anapenda pembeni.

Neno kwa wakalimani, kazi yenu ni ngumu, naijua. Ofisa akisema dakika kumi nanyi mkatafsiri maneno mawili, Msomali, Mrundi na Mkongomani wanatazamana: mengine yamekwenda wapi? Semeni yote, hata yale yasiyopendeza. Na kama ofisa amewanong'oneza kitu mbele ya watu, mwombeni aseme kama kinaweza kutafsiriwa.

Wenyeviti, tangazo likibandikwa lisomwe pia kwa sauti. Wengi hawasomi, na wazee wengine hawafiki ubaoni.

Sasa ni nafasi ya maswali. Waanze wale wa nyuma kabisa, maana nimeona sauti haiwafikii vizuri.