KURA YA RAIS: NANI ANAYO, NANI HANA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Tumeombwa kusema machache juu ya uchaguzi wa Rais wa Marekani. Baadhi yenu mtacheka, na kucheka si kosa. Lakini sikilizeni, maana jambo hili linafika mpaka mfukoni mwa mfanya kazi.

Tuanze juu angani. Mwaka 1997 jimbo la Texas lilitunga sheria kwamba mtu aliye katika chombo kinachozunguka dunia aweze kupiga kura. Mwaka 2004 Bwana Leroy Chiao akapiga kura ya Rais akiwa zaidi ya maili 200 juu ya vichwa vyetu.

Sasa tushuke chini, kisiwa cha Puerto Rico. Watu wake ni raia wa Marekani tangu mwaka 1917, nao wapita milioni 3. Vijana wao wamekufa vitani chini ya bendera hiyo hiyo. Lakini akaaye kisiwani hana kura ya Rais. Akihamia New York na kujiandikisha, anayo. Akirudi kwao kukaa, imekwisha. Mtu ni yule yule, na pasi ni ile ile! Sababu ni kwamba Rais huchaguliwa na wajumbe 538, karibu wote wakitoka katika majimbo, na Puerto Rico si jimbo. Hata watu wa Washington, wanaofagia nyumba ya Rais na kumpikia chakula, walikaa zaidi ya miaka 150 bila kura hiyo. Katiba ilibadilishwa mwaka 1961, nao wakapiga kura mwaka 1964.

Tuje kwenye kodi. Wazee wetu walilipa kodi ya kichwa, na kura ya kuchagua mjumbe wa Baraza hawakuipata mpaka mwaka 1957. Hata wakati huo mtu alipimwa kwa elimu, mshahara na mali: huyu kura moja, yule tatu, na wengi hawakupata hata moja. Katika majimbo ya kusini mwa Marekani ujanja ulikuwa mwingine. Huko ulilipa kodi ya kichwa kwanza, ndipo ukapiga kura. Alabama ilikuwa dola moja u nusu kwa mwaka. Texas ilibidi ulipe kabla Januari haijaisha, na uchaguzi wenyewe uko Novemba! Kibarua asiye na akiba atazikumbuka wapi siasa za Novemba mwezi wa Januari? Usipolipa, hakuna askari aliyekuja kukukamata. Wakubwa walifurahi ukisahau. Kodi hii ililengwa kwa watu weusi, lakini Mzungu maskini naye ilimfungia mlango. Ndiyo maana vyama vya wafanya kazi vya Texas vilikuwa vikizunguka kila mwaka kuwahimiza wanachama walipe mapema.

Mwaka 1964 katiba iliifuta kodi hiyo katika uchaguzi wa Rais na wa Bunge la nchi, na mwaka 1966 Mahakama Kuu ikaifuta katika uchaguzi wa majimbo. Katikati, mwaka 1965, ilikuja sheria ya haki ya kura iliyozuia mitihani ya kusoma waliyowekewa watu weusi. Katika Mississippi, kabla ya sheria hiyo, watu weusi walioandikishwa hawakufika 7 katika kila 100. Kufika mwaka 1967 walikuwa karibu 60.

Limebaki la siku. Tangu mwaka 1845 kura ya Rais hupigwa Jumanne. Wakulima walikwenda mjini kwa farasi, Jumapili walikuwa kanisani, na Jumatano sokoni. Farasi wamekwisha, Jumanne ipo, na si sikukuu ya nchi nzima. Majimbo mengine humpa mfanya kazi saa kadhaa za kwenda kupiga kura, mengine hayampi hata dakika. Mwaka 1999 chama cha wafanya kazi wa magari kilikaa mezani na viwanda vikubwa, na katika mapatano siku ya uchaguzi ikatiwa kuwa likizo yenye malipo. Wenzao wasio na chama walipanga foleni kabla ya zamu, au baada yake kama miguu ilikubali.

Bwana Mwenyekiti, sasa tunangoja maswali.