Kutoka Itierio hadi Gothenburg: Makanisa ya Kisii na Washirika wa Ng'ambo

Tarehe 5 Februari 2005, mjini Gothenburg, Uswidi, Askofu Walter Obare Omwanza wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Kenya alimwekea mikono mchungaji Mswidi, Arne Olsson, akamweka wakfu kuwa askofu. Kanisa la Uswidi halikutaka. Olsson alitoka katika kundi lililopinga wanawake kupewa uchungaji, na kwa kuwa kwao hakupatikana askofu wa kuwasimamishia kiongozi, waligeukia Kenya. Obare alilipia tendo hilo: Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilimwondoa katika nafasi ya mshauri wa baraza lake.

Ubishi juu ya wanawake na uchungaji una wenyewe, na si kazi ya makala hii kuuamua. Kinachowahusu wachungaji na wazee wa kanisa wa huku Kenyenya, Kisii, ni asili ya kanisa lililomtuma Obare. Lilizaliwa Itierio, papa hapa Kisii, mwaka 1948, kwa mkono wa wamishenari wa Kiswidi. Miaka 57 baadaye Waswidi wakaja kuomba askofu kwa waliokuwa wanafunzi wao.

Wanafunzi hao waliwezaje kufika hapo? Mbegu ya Itierio haikubaki mali ya Waswidi. Wafini, Wanorwe na Wamarekani nao walikuja kushirikiana na kanisa hilo, kila kundi kwa njia yake, na kanisa lenye washirika wanne si rahisi kuamriwa na mmoja. Likawa na usajili wake, uongozi wake, na chuo chake cha theolojia huko Matongo, Nyamira, kinachoandaa wachungaji nyumbani. Mtu anaweza kuukataa uamuzi wa Obare wa 2005 na bado akakiri kwamba ulikuwa uamuzi wa kanisa linalojitawala.

Mwanzo wa ushirika na wageni wa ng'ambo katika nchi ya Abagusii, yaani Wakisii, ulikuwa mchungu zaidi. Waingereza walituma askari kuwapiga Abagusii mwaka 1905, wakarudia 1908 baada ya Mgusii Otenyo kumchoma mkuki afisa wao, Northcote. Mapadri Wakatoliki wa Mill Hill walifungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911, majeraha yakiwa bado mabichi, na mwaka uliofuata Waadventista wakaingia Nyanchwa. Kisha, Septemba 1914, Wajerumani na Waingereza wakapigana mjini Kisii. Waingereza walipoondoka kwa muda, wananchi walivamia mji na kupora misheni zote mbili. Vitabu vya kanisa hupenda kuita tukio hilo ujinga wa watu wasiojua Injili. Ukweli ni kwamba mwananchi wa 1914 hakuwa na sababu ya kutofautisha nyumba ya padri na ofisi ya bwana shauri. Wote walikuja nyuma ya bunduki ileile.

Waadventista hao walikuwa wamefika ufuoni mwa ziwa, Gendia, mwaka 1906. Simulizi humtaja Arthur Carscallen wa Kanada. Aliyekuja naye, Peter Nyambo wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, husahaulika mara nyingi. Kwa hiyo mmishenari wa kigeni katika pembe hii ya Nyanza, tangu siku ya kwanza, alikuwa Mzungu na Mwafrika pamoja. Wanaodhani mshirika wa ng'ambo lazima atoke Texas au Oslo na wafikirie tena. Malawi nako ni ng'ambo.

Hoja ya kwamba msaada unaweza kulemaza kanisa si mpya. Mwaka 1971 John Gatu, katibu mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki (PCEA), alisimama Milwaukee, Marekani, mbele ya wenyeji wake, akataka wamishenari na fedha zao visitishwe kwa muda usiopungua miaka mitano ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama. Wengi walikasirika, na usitishaji kamili haukufanyika. Hata hivyo PCEA ilishika neno lake, Jitegemea, na Gatu akabaki kuheshimiwa na wengi waliompinga.

Hata hivyo hakuna anayeihimiza Kenyenya iufungie mlango msaada wa ng'ambo. Ukielekea Mugirango Kusini, Tabaka ina machimbo ya mawe ya sabuni na ina hospitali ya misheni ambayo watawa Wakamili kutoka Italia waliishika miaka ya 1970. Hospitali hiyo ina chuo cha uuguzi. Daktari mgeni hurudi kwao. Muuguzi aliyefunzwa Tabaka hubaki kuchoma sindano Ogembo, Kenyenya au Nyamira. Msaada wa namna hiyo ni wa kutafutwa kwa bidii.

Sasa itazamwe barua inayotoka katika makanisa yetu mengi madogo. Inaanza kwa salamu katika jina la Yesu, inafuata aya ya Biblia, kisha idadi ya mayatima, picha ya watoto wamepangwa mbele ya mabati, na mwisho namba ya M-Pesa ya pasta. Haitaji kamati, wala hesabu ya sadaka ya mwaka jana, wala kanisa limechangisha nini msimu wa bonasi ya majani chai. Mfadhili makini akiisoma huona mtu mmoja anayeomba, haoni kanisa.

Picha hizo nazo zina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto. Usajili wa makao mapya ya watoto ulisimamishwa Novemba 2017, na mkakati wa serikali wa 2022 hadi 2032 unasukuma watoto walelewe katika jamaa. Kanisa linaloahidi mgeni kwamba litajenga nyumba ya mayatima linaahidi jambo ambalo serikali inaliondoa. Afadhali karo na sare kwa mtoto anayelala kwa nyanyake.

Mgeni mwenyewe asije kuhubiri miezi sita kwa idhini ya kusafiri ya kielektroniki iliyochukua nafasi ya viza Januari 2024. Kazi ya umishenari ina kibali chake, kile cha kundi I, na ni wajibu wa mwenyeji kumweleza kabla hajakata tiketi.

Jambo zito kuliko yote ni ardhi. Kisii ardhi ni finyu. Mzee wa kanisa hutoa robo ekari kwa neno la mdomo, watu wanashangilia, jengo linasimama kwa fedha za ng'ambo. Mzee akifariki, wanawe wanakuja na hatimiliki yenye jina la baba yao, na kanisa linahamishwa pamoja na mabati yake. Mfadhili aliyechangia jengo lile hachangi tena, hapo wala kwa jirani. Basi kanisa lolote la Kenyenya linalokaa juu ya kiwanja cha ahadi lipeleke kwanza faili lake kwenye Bodi ya Ardhi, ligawe kipande hicho, liandikishe hati kwa jina la wadhamini wa kanisa, mtoaji akiwa bado hai na wanawe wakiwapo kutia sahihi. Barua ya kwenda ng'ambo iandikwe baada ya hapo, nakala ya hati ikiwa ndani ya bahasha.